Kanga Jukwaani: Jina Lisilo la Zama Zake

Mchezo wa kuigiza unapotupeleka Unguja ya mwaka 1897, jicho la mtazamaji wa mwambao huzisoma nguo kabla sikio halijapokea ubeti wa kwanza. Hapo ndipo michezo yetu mingi inapojikwaa. Mwanamke aliyetoka utumwani jana anasimama jukwaani amejifunga kanga ya leo, ya rangi kali, yenye jina kwa hati za Kirumi. Mtunzi amekitafiti kisa chake na mwimbaji ameshika mizani yake, lakini nguo inasema uongo.

Tuanze na hayo maandishi. Kanga za mwishoni mwa karne ya 19 zilikuwa na mji na pindo, hazikuwa na jina. Majina yalianza kuchapwa mwanzoni mwa karne ya 20, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha zikafuata za Kirumi. Na mapokeo humtaja Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambaye kanga zake zilijulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla", kuwa ndiye mwanzilishi. Sisi wapenzi wa ushairi hatuna udhuru katika jambo hili. Jina la kanga ni kauli ya anayeivaa. Kumvisha mtu wa 1897 kauli hiyo ni sawa na kumtungia ubeti kisha kuuita wake.

Kosa la pili ni la rangi. Fundi wa mavazi huzitazama picha za zamani, kama zile za studio ya A. C. Gomes hapa Unguja, akaona mapambo meusi juu ya weupe, naye akaagiza nguo nyeusi na nyeupe. Lakini vioo vya picha vya zama hizo viliipokea buluu vizuri kuliko nyekundu: chekundu kilitoka cheusi, na buluu ikapauka. Weusi tunaouona huenda ulikuwa wekundu. Picha na itupe umbo la mapambo na namna ya kujifunga. Rangi tuitafute katika nguo zenyewe na katika sampuli zilizohifadhiwa, zikiwamo za Helmond, Uholanzi, ambako kanga za soko letu zilichapwa.

La tatu ni kitambaa. Poliesta humeremeta chini ya taa za jukwaa, wala haianguki mwilini kama pamba. Bafta ya pamba ndiyo ifaayo, ichapwe kwa chapa za mbao au kwa mashine ya kompyuta, mradi rangi ipenye hadi upande wa pili. Isipopenya, mchezaji akigeuza pindo tu, weupe wa nyuma humfichua.

Yupo atakayesema kwamba jukwaa si makumbusho. Ni kweli, na si kila mchezo unaodai uangalifu huu. Lakini katika kisa cha 1897 nguo ndiyo kisa. Merikani na kaniki yalikuwa mavazi ya watumwa. Na baada ya amri ya mwaka ule ya kuondoa utumwa, wanawake wengi waliiacha kaniki wakajifunga kanga, kama alivyoeleza Laura Fair katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001. Walijitangaza kwa nguo kuwa si mali ya mtu tena. Wachezaji wote wakivaa kanga zilezile tangu mwanzo hadi mwisho, mtazamaji ataiona sokoni, uhuru asiuone.

Basi kabla ya kuagiza majora, mwongozaji na fundi wake wakae wausome mchezo pamoja, wajiulize nani amevaa nini, lini, na kwa nini ameibadilisha. Gharama haitakuwa kubwa. Kaniki iliyotiwa nili haihitaji chapa yoyote. Kaniki hiyo katika onyesho la kwanza, na kanga isiyo na jina katika la pili, zingelitosha. Na mtazamaji angelifahamu bila ya kuambiwa.