Kovu na Alama ya Kuzaliwa

Fundi saa aliyenifundisha kutazama sarafu alikuwa na kimeza chake kando ya soko kuu la Iringa. Ukimfikia na hela ya zamani, salamu ya kamwene ikiitikiwa, haulizi umeitoa wapi. Anabana kioo chake jichoni, anaielekeza sarafu kwenye mwanga wa mlangoni, anaigeuza taratibu, kisha anapitisha ukucha juu yake. Halafu swali moja tu: "Mwanangu, hii ilizaliwa hivi, au iliumia ukubwani?"

Wengi waliomjia walikuwa wakitweta kwa matumaini. Huku kwetu maneno kuhusu rupia za Mjerumani hayaishi: eti zina nguvu, eti kuna tajiri mahali anayezisaka kwa mamilioni. Mzee aliwasikiliza wote kwa adabu, kisha akarudi kwenye ukucha wake.

Ukucha hauna uchawi. Sarafu hugongwa kati ya mihuri miwili ya chuma. Mhuri ukipata ufa, ule ufa ni bonde, na shaba inayosukumwa ndani yake hutoka kilima: uzi mwembamba ulioinuka, unaokatiza herufi bila kuzijeruhi. Jembe, msumari au funguo za mfukoni hufanya kinyume. Huchimba, na shaba iliyochimbuliwa hujikusanya kandokando kama udongo wa tuta. Ukucha ukikwama shimoni, hilo ni kovu. Ukipanda kijilima, kaa chini, vuta kioo.

Nilichokipenda zaidi ni somo la pengo. Vibati vya sarafu hukatwa kutoka kwenye bamba refu, na mkato ukiingilia tundu la kibati kilichotangulia, kipya hutoka kimemegwa kama mwezi. Kikibanwa ili kuinuliwa ukingo kabla ya kugongwa, palipo na pengo hapana cha kusukumana nacho, kwa hiyo ukingo wa upande wa pili kabisa, mkabala na pengo, nao mara nyingi hutoka hafifu. Mjanja mwenye tupa anaweza kumega upande mmoja vizuri sana. Ule wa pili haukumbuki.

Siku moja kijana alitoka Mwanjelwa, Mbeya, na heller moja yenye tundu. Alikuwa ameshasikia kwamba heller 5 na heller 10 za Mjerumani zilikuwako zenye tundu, akaamini amepata ajabu, maana heller moja haikutolewa hivyo. Mzee aliigeuza. Nyuma, midomo ya tundu ilikuwa imechomoza kama meno ya mtoto, na herufi ya jirani imeinama kuelekea shimoni. Tundu la kiwandani hutobolewa kwenye kibati kitupu, kabla ya kugongwa, hivyo midomo yake hulainishwa na mhuri wenyewe. "Hii ilivaliwa," akasema. "Kuna mtoto aliitundika shingoni." Kijana alinuna. Mimi niliitaka ile sarafu kuliko zote alizokuwa nazo.

(Neno hela lenyewe tulilipata kwenye kisarafu hicho. Heller zilianza mwaka 1904, mia kwa rupia moja, na Wajerumani walipoondoka neno likabaki.)

Mbeya nina raha nyingine: mizani. Wanunuzi wa dhahabu inayoteremka kutoka Chunya wanazo zinazosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na ukiomba kwa upole watakupimia. Rupia ya fedha ilitoka kiwandani na gramu 11.66. Ikichakaa mikononi hupungua, kuongezeka haiwezi. Niliyoipima mimi ilizidi. Kuitazama vizuri ukingoni, juu ya kofia ya Kaisari, nikakuta tone la lehemu: sonara aliwahi kuigeuza kidani. Na usinionyeshe shilingi yenye mwenge ulionyooka kama mhogo ukaniambia ni kosa la kiwanda. Hiyo ililazwa na watoto kwenye reli ya TAZARA.

Halafu kuna Tabora, inayovuruga kanuni zote. Mwaka 1916, koloni likiwa limezingirwa na sarafu haziingii tena, Wajerumani waligonga zao kwenye karakana ya reli pale Tabora. Heller 20 za mwaka ule ziko za shaba nyekundu na za shaba ya njano, nyingine zina taji kubwa, nyingine taji dogo, na chini herufi T. Mafundi wa karakana hawakuwa na mashine za Berlin wala Hamburg, na inaonekana: herufi zimefifia, ukingo umepinda, nyuso zina madoa. Asiyejua atasema zimepigwapigwa na maisha. Kumbe ndivyo zilivyozaliwa, karibu zote.

Tabora ilitekwa na Wabelgiji Septemba 1916, na jeshi la Kijerumani la Jenerali Wahle likarudi nyuma kuja huku, likapigana kuuzunguka mji wa Iringa na kule Lupembe. Kwa hiyo mkulima wa Uhehe akiinua heller yenye T kwa jembe, sishangai ilifikaje. Mzee alikuwa nayo moja, yenye ufa wa mhuri kwenye taji na juu yake mchubuko wa jembe. Aliniwekea ukucha wangu mwenyewe pale vinapokutana: kilima, halafu shimo linalokikata. Kilichokatwa ndicho kilichotangulia.

Baadaye nilirudi na sarafu za marehemu bibi yangu, nimezisugua kwa majivu na ndimu hadi zinameta. Mzee alizitazama, akanirudishia bila kuvaa kioo. Vilima vilikuwa vimelala, kingo za mashimo zimeliwa, hakuna cha kusoma. Basi kama nyumbani kuna kopo la hela za wazee, zipeleke kwa mjuzi kama ulivyozikuta, na udongo wake.