Ngazi Ikisogea, Michoro Mingapi Inaguswa?

Mteja ameiona michoro, ameipenda, kisha anapiga simu: ngazi isogee upande wa pili, maana pale ilipo inamlia eneo la duka la chini. Jengo lina ghorofa nne. Ombi hilo linagusa ramani za sakafu zote, paa, mikato, mwonekano wa nyuma lilipo dirisha la ngazi, mchoro wa maji taka kwa kuwa shimo la mabomba limepakana na ngazi, na jedwali la milango. Kuna ofisi itakayoimaliza kazi hiyo jioni ileile. Kuna nyingine, yenye kompyuta za bei na vijana wenye mikono myepesi, itakayokesha siku kadhaa, na bado fundi aje agundue saiti kwamba sakafu ya tatu ilisahauliwa. Kinachozitofautisha ni jinsi mafaili yalivyopangwa kabla ngazi yenyewe haijachorwa. Nitalieleza hilo zaidi kwa AutoCAD, programu ninayoikuta katika ofisi nyingi.

Njia iliyozoeleka ni hii: unachora sakafu ya chini, unainakili pembeni, unarekebisha, unainakili tena, mpaka faili moja lina sakafu zote zimetandazwa kama vitenge dukani. Kwa nyumba ya vyumba vitatu isiyo na ghorofa, sina ugomvi na njia hiyo. Ni ya haraka kweli. Kwa jengo la ghorofa kila nakala ni deni. Ngazi moja imekuwa ngazi tano zisizojuana, na kila badiliko litafanywa mara tano na mtu aliyechoka.

Njia ya pili ni kutumia XREF, yaani faili moja kulivuta jingine na kulionyesha bila kulimeza. Vitu vinavyopanda kutoka sakafu hadi sakafu, yaani mistari ya gridi, nguzo, ngazi, lifti na shimo la mabomba, vinawekwa kwenye faili moja, tuliite kiini. Kila sakafu ina faili lake linalokivuta kiini, na ndani yake mna kuta, milango na madirisha ya sakafu hiyo tu. Karatasi za kuchapisha nazo ni mafaili mengine yanayozivuta sakafu. Simu ya mteja ikiingia, unafungua kiini, unasogeza ngazi, unasevu. Mwenzako aliyefungua sakafu ya pili ataona ilani kwenye kona ya skrini kwamba faili la rejea limebadilika. Anabofya, ngazi imehama. Kazi inayobaki ni ukuta uliokuwa umepakana nayo.

Hapa wengi hukwama, kwa sababu ngazi ya chini haifanani na ya katikati, wala ya juu kabisa haifanani na hizo mbili. Chini unaona vidato vichache na mstari wa kukatia. Juu unaona vidato vyote vikishuka. Dawa ni kuzichora zote tatu ndani ya kiini, kila moja kwenye leya yake, kisha katika faili la kila sakafu unagandisha leya mbili zisizohusika. Hakikisha VISRETAIN ni 1, la sivyo kila ukifungua faili leya ulizozigandisha zitarudi. Ni namba moja tu, lakini nimeona watu wakiikimbia XREF moja kwa moja kwa sababu yake.

Jambo jingine ni njia ya kulifikia faili. Ukiacha njia kamili inayoanzia D:, siku folda ikihamia kwenye flashi au kompyuta ya mhandisi, kuta zinatoweka na linabaki jina la faili tupu. Chagua njia ya kiasi, ile inayohesabiwa kutoka pale faili lenyewe lilipo. Na ukituma kazi nje, tumia ETRANSMIT, ambayo hukusanya mafaili yote ya rejea pamoja na fonti, ndiyo mwisho wa zile simu za "mbona kwangu hakuna nguzo?"

Niseme pia kisichowezekana. Mkato na mwonekano wa nje katika AutoCAD ya kawaida ni mistari tu. Havijui kwamba ngazi imehama. Hivyo utavirekebisha kwa mkono, na ndivyo vya kukaguliwa kwanza kabla michoro haijaenda halmashauri kuombewa kibali.

Milango na madirisha yanafuata mantiki hiyohiyo kwa njia ya bloku. Chora mlango kwenye leya 0, rangi na aina ya mstari ziwe ByLayer, kisha uufanye bloku. Ukiuingiza kwenye leya ya milango, unavaa sura ya leya hiyo. Tangu AutoCAD 2006 kuna bloku zinazobadilika, hivyo mlango mmoja unaweza kuwa na upana wa milimita 700, 800 au 900 kwa kuchagua tu kwenye orodha, badala ya kuwa na bloku kumi zenye majina yasiyoeleweka. Mkadiriaji majenzi akiuliza idadi ya milango, DATAEXTRACTION inamtolea jedwali. Anayezilipua bloku kwa EXPLODE ili "arekebishe haraka" anaiondolea programu uwezo wa kumhesabia.

Sasa mikono. AutoCAD ilitoka Desemba 1982 ikiendeshwa kwa kuandika amri, na mpaka leo mtu wa kasi ni yule anayeweka mkono wa kushoto kwenye kibodi na wa kulia kwenye mausi, bila kuwinda vitufe juu ya skrini. L ni mstari, O ni kutoa mstari sambamba, TR ni kupunguza. Kona ya kuta mbili zisizokutana haihitaji kurefusha kisha kupunguza: andika F, gusa mstari wa kwanza, shikilia Shift, gusa wa pili, kona imefungwa. Vifupisho hivyo vimo ndani ya faili liitwalo acad.pgp, nawe unaweza kuvibadilisha. Kwa mfano C kwa kawaida ni duara, wakati msanifu majengo ananakili vitu mara nyingi kuliko anavyochora duara. Wengi huifanya C kuwa kunakili. Ni sawa, ila ofisi nzima iwe na faili moja la vifupisho. Kila mtu akiwa na lake, siku unapokaa kwenye mashine ya mwenzako unachora maduara kuanzia asubuhi.

Kuna ucheleweshaji mmoja ambao watu huusingizia kompyuta, nao unatoka kwa mpimaji. Anakuletea mipaka ya kiwanja kwa mita katika UTM, kanda ya 37 kusini. Kwa Dar es Salaam hizo ni mita 530,000 hivi kuelekea mashariki na kama 9,248,000 kwa kaskazini. Sisi tunachora kwa milimita, basi tunazidisha kwa 1,000, na namba ya kaskazini inafika tarakimu kumi. AutoCAD huhifadhi namba kwa tarakimu zipatazo 15, lakini kadi ya picha kwa kawaida huonyesha kwa usahihi wa tarakimu saba hivi. Katika namba ya tarakimu kumi, tatu zinazoachwa nje ni milimita mia na makumi, mahali hasa unapokaa ukuta wako wa 150. Ndiyo maana mistari inacheza ukikuza, hachi inakataa kujaza, na kipanya kinadaka pembe isiyo yake. Kununua RAM hakutasaidia.

Faili la mpimaji liache kama lilivyo. Jengo lichore karibu na 0,0. Kisha tengeneza faili la saiti, livute la mpimaji kwa XREF kwa uwiano wa 1,000, na lisogeze mpaka bikoni moja uliyoichagua ikae kwenye 0,0. Andika viwianishi halisi vya bikoni hiyo kwenye mchoro wenyewe, kwa maandishi yanayoonekana, kwa sababu siku ya kupima msingi mpimaji atavihitaji. Revit nayo ina mpaka wake: inataka kilichochorwa kiwe ndani ya kilomita 16 kutoka kitovu chake cha ndani.

Nikiitaja Revit, kuna watakaoniambia kwamba shida yote ya ngazi ingekwisha kama ofisi ingehamia huko au ArchiCAD. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Katika programu hizo ngazi ni kitu kimoja, na ramani, mkato na mwonekano ni namna za kukitazama. Ukikisogeza, vyote vinafuata. Kwa hospitali au hoteli nisingependekeza njia nyingine. Lakini zina masharti yake. AutoCAD hujisevia nakala ya dharura kila baada ya dakika kadhaa, 10 usipobadilisha. Revit inakukumbusha tu usevu, na umeme ukikatika ukumbusho haukurudishii kitu. Kubwa zaidi, faili la Revit likishasevuliwa katika toleo jipya halirudi katika la zamani, tofauti na DWG, ambalo unaweza kulisevu kwa muundo wa miaka ya nyuma. Kwa hiyo, kabla hujachora gridi ya kwanza, mpigie mhandisi wa miundo na yule wa umeme uwaulize wanatumia toleo la mwaka gani. Mwenye la zamani kuliko wote ndiye anayeamua mradi utachorwa katika lipi.