Blogu ya Mtu wa Kazi
Muhidin Issa Michuzi alikuwa mpigapicha wa Daily News, gazeti la Kiingereza, alipoanzisha blogu yake mwaka 2005. Utamu wake ni maelezo ya picha: mafupi, ya Kiswahili cha kijiweni. Ila anatuonyesha tukio, mara chache alivyolinasa. Hapo ndipo ninapomdai, mimi msomaji wa Busia. Wakala wa forodha hapa mpakani anajua kwamba bidhaa nyingi za Afrika Mashariki zisizozidi dola 2,000 huvuka bila ushuru wa forodha kwa cheti cha uasilia kilichorahisishwa. Mama mwenye mahindi hajui, anamlipa dalali. Wakala akiandika kazi yake hatua kwa hatua atakosa vijisenti vya mama huyo, kweli, lakini mwenye lori atajua amkabidhi nani mzigo. Na aandike Kiswahili. Pande zote mbili tunapatana bei kwa hicho hicho.