Jina la Uhura na Amri ya Merikebu

Mwanafunzi akaaye Jamhuri, Nairobi, alisikiapo jina la Luteni Uhura hahitaji mkalimani: limetokana na neno letu uhuru. Luteni huyo ni mtu wa kubuniwa katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek, ulioanza kuonyeshwa mwaka 1966, Kenya ikiwa haijatimiza miaka mitatu ya kujitawala. Kazi yake katika merikebu ile ya angani ni kupokea na kupeleka habari. Adui akiita, yeye husikia kwanza. Lakini amri ni ya Nahodha Kirk, akiondoka ni ya Spock, na Spock asipokuwapo, ya Scott.

Utaratibu wenyewe ni mzuri, maana vitani hapana nafasi ya kubishana nani mkubwa. Kosa ni kwamba Kirk na Spock mara nyingi hushuka pamoja penye hatari (nahodha gani wa jahazi afanyaye hivyo?), na hata hivyo, mpaka michezo hiyo ilipokoma mwaka 1969, zamu haikumfikia Uhura. Jina amepewa, amri hakupewa. Aliipata mwaka 1973, katika michezo ya katuni: wanaume wametekwa akili na ishara ya ajabu, Scott naye hajielewi. Uhura akatwaa amri, na kikosi cha wanawake kikaenda kumwokoa nahodha. Merikebu haikuzama.