Namba Iliyotulia Mno

Kwenye mitambo mikubwa ya kuchenjua dhahabu, iwe Geita au Bulyanhulu, mawe husagwa yakawa tope, na tope likaingia kwenye matangi yenye sayanidi. Chokaa huongezwa ili pH ibaki juu ya 10. Ikishuka sana, sayanidi hugeuka gesi inayoua. Kazi ya kuichunga pH inaweza kufanywa na kihisi kilichozama kwenye tope na kompyuta inayofungua na kufunga vali ya chokaa. Mhudumu yuko chumba cha udhibiti, macho kwenye skrini.

Na skrini ikidanganywa? Hilo limeshatokea. Kirusi cha Stuxnet, kilichogundulika mwaka 2010, kiliharibu mashine za kurutubisha urani kule Natanz, Iran, huku wahudumu wakionyeshwa vipimo vya kawaida vilivyorekodiwa kabla.

Mtafiti wa usalama wa mitambo ya namna hii haanzi na nywila. Anaanza na fizikia: kilichoingia tangini, toa kilichotoka, lazima kilingane na kina kilichopanda. Chokaa ikikatika saa kadhaa na pH isisogee, kuna mahali panaposema uongo. Kisha anachimba zaidi. Kihisi halisi hakitulii. Vipimo vyake hutetemeka kidogo muda wote, na kila kihisi kina mtetemo wake. Watafiti wa Singapore wameonyesha kwamba kihisi kinaweza kutambuliwa kwa mtetemo huo, kama mchungaji wa Kisukuma anavyomjua ng'ombe wake kwa mwendo. Mdukuzi akileta namba safi mno, usafi wenyewe unamuumbua.

Subira ya watafiti hao ndiyo inayonivutia zaidi. Mwaka 2015 chuo cha SUTD, hukohuko Singapore, kilikuwa na mtambo mdogo wa kusafisha maji, wenye hatua 6, uliojengwa kwa ajili ya utafiti huu. Data za siku 11 zilikusanywa: 7 za kazi ya kawaida, 4 za mashambulizi. Kwa data kama hizo akili mnemba hufundishwa kuijua hali ya kawaida. Halafu mtafiti anageuka adui wa kazi yake mwenyewe: anasogeza namba kidogokidogo mpaka akili hiyo izoee upotofu. Ikidanganyika, anaandika ilivyodanganyika, anaanza upya. Ikipiga kengele ovyo, hilo nalo ni kosa, maana mhudumu aliyechoshwa na kengele ataizima.

Mkoa wa Shinyanga, uliko mgodi wa Bulyanhulu, unauhitaji ufundi huu hata nje ya migodi. Tangu 2009 maji ya Kahama na Shinyanga hutoka Ziwa Victoria: husafishwa Ihelele, husukumwa hadi kilima cha Mabale, kisha hushuka kwa mteremko. Pampu, dawa na matangi hufuata hesabu ileile.

Chuo Kikuu cha Dodoma kinafundisha usalama wa mtandao. Migodi na mamlaka za maji ziwape vijana wanaosoma huko kumbukumbu za vihisi vyao, hata za miaka iliyopita. Tangi moja, pampu mbili na vali chache vinatosha kuanzia.