Baraza na Kiti cha Enzi

Katika miji ya Tanga na Pangani neno baraza lina maana mbili: ni kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa pamoja na ukuta wa nyumba, tena ni mkutano wenyewe. Lugha yetu haikutenganisha mahali pa kukaa na shauri linalokatwa hapo. Wanaochagua samani za vyumba vya mikutano maofisini wangefaa kulikumbuka jambo hili.

Tulipata kuketi katika chumba kimoja cha namna hiyo. Mbele palikuwa na meza kuu juu ya jukwaa, viti vitatu vyenye migongo mirefu, na kipaza sauti kimoja. Sisi wengine tulitazama visogo vya wenzetu. Mwenye neno alilazimika kusimama na kupaza sauti. Waliosema walikuwa wachache.

Mgongo ule mrefu si mgeni kwetu. Kiti cha enzi cha pwani, cha mpingo na nakshi za pembe, kiliwekwa katika nyumba za wakwasi wa karne ya 19 kwa heshima ya mgeni. Kwa kazi hiyo kilifaa sana. Lakini hakikuitwa baraza.

Sisi twapendelea meza moja pana na viti vya kimo kimoja kuizunguka, hata kama watu watapungua chumbani. Mbao zipo: misaji ya Longuza, wilayani Muheza, haiko mbali na mafundi wa Tanga. Ajabu ni kuona ofisi zikinunua meza za unga wa mbao, zilizobandikwa karatasi yenye rangi ya msaji, zikavimba kwa unyevu wa bahari kabla ya masika ya pili.