Jiwe la Kusagia katika Nyumba ya Wairaqw

Msomaji atakayefika Mbulu akitafuta kinu kikongwe cha mawe, chenye jengo lake na gurudumu la maji, atarudi mikono mitupu. Huko mahali pa kusagia hapakutengwa na mahali pa kuishi. Jiwe lilikaa ndani ya nyumba, kwa hiyo hatuwezi kulieleza pasipo kuieleza nyumba yenyewe.

Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu walikuwa wakichimba ubavu wa kilima, wakasimamisha nguzo humo, kisha wakaezeka kwa miti na udongo hata paa likalingana na ardhi upande wa nyuma. Walioandika juu ya nyumba hizi aghalabu wameziita ngome dhidi ya Wamasai waliokuja kuteka ng'ombe. Hatukatai. Lakini maelezo hayo yameishia mlangoni, pamoja na wanaume wenye mikuki. Ndani mlikuwamo ng'ombe, nafaka, meko na jiwe. Na ngome isiyoweza kusaga mtama wake ingeshindwa na njaa kwanza.

Mawe yenyewe ni mawili: la chini, pana, na la juu, lishikwalo kwa mikono miwili. Msagaji hupiga magoti, akasukuma mbele na kurudisha. Miaka ipitapo, jiwe la chini hulika katikati. Likiwa laini mno, hugongwagongwa kwa jiwe gumu lipate meno tena. Huo ni ufundi, na mafundi wake walikuwa wanawake. Tusiupambe kupita kiasi, hata hivyo: ulikuwa pia maumivu ya magoti na mgongo, na hatumlaumu mama aliyeliacha jiwe siku mashine ya dizeli ilipofika kijijini.

Tunalolaumu ni jingine. Katika miaka ya 1970 na 1980 tambarare za Hanang zililimwa ngano kwa matrekta, kwa msaada wa Kanada, juu ya malisho ya Wabarabaig. Ngano hiyo ilikwenda kwa Shirika la Usagishaji la Taifa. Ripoti zikahesabu magunia. Jiwe halikuhesabiwa na yeyote, wala aliyelisukuma.

Nyumba ya udongo ikihamwa huporomoka, jiwe likabaki, pengine likawa chombo cha kunyweshea kuku. Wanafunzi wakilikuta, wawaulize bibi zao lilikaa upande gani wa nyumba, na lilisaga nafaka gani, kabla ya kulibeba kwenda shuleni.